Kaske ya Yaya Paluku

Kijana wa duka aliniuliza, "Mama, ni ya muziki ao ya jeu?" Aliyetaka kaske si mimi. Alikuwa binti yangu Masika, aliyesimama pembeni yangu akitafuna pipi na kunionea huruma.

Kaske, kwetu Butembo, ni zile za kusikilizia zinazofunika masikio yote mawili, si vile viuzi vya kuchomeka ndani ya sikio kama pamba. Masika anacheza jeu ya vita kwenye simu pamoja na binamu zake wa Beni, kila mtu yuko kwao, lakini wanapigiana kelele kama wamelala kitanda kimoja.

"Mama, lazima nisikie miguu," akaniambia. "Kama sisikie miguu ya bale banakuya nyuma, baniua mara moja."

Kijana akafurahi. Alikuwa amepata mteja anayejua anachotaka. "Hii njo yenyewe, mama. Unasikia mutu angali mbali, unajua anatokea kushoto ao kuume. Jaribu mwenyewe."

Akanivalisha. Kwanza ilikuja harufu, ile ya sponji mpya na ngozi ya bandia, kisha soko lote likazimika nje. Halafu nikasikia miguu. Mtu mwenye viatu vizito anakanyaga majani makavu, polepole, nyuma yangu, upande wa kushoto. Kijana alinikodolea macho akingoja nishangae. Wateja wote hugeuka, alinieleza baadaye, na yeye hucheka.

Mimi sikugeuka. Nilisimama pale kama gunia la maharagwe. Kuna watu wanaosema wakikumbushwa vita moyo unawaenda mbio. Wangu haufanyi hivyo. Unatulia tu, na mikono inakuwa kama ya mtu mwingine. Nikazivua, nikamwambia, "Weka muziki. Wimbo ya zamani, yenye mi-solo."

"Mi-solo ni nini, mama?"

Nyamuhanga, Mungu wangu! Anauza kaske na hajui mi-solo.

Mimi nilifundishwa na kaka yangu, yaya Paluku, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa. Alikuwa mtoto wa kwanza nyumbani na mimi wa mwisho, na katikati yetu wavulana waliokufa wangali wachanga. Naitwa Kahindo, jina la msichana anayekuja nyuma ya wavulana. Paluku alikuwa konvoyeri, yaani mtu wa kukaa juu ya mizigo ya lori na kuichunga kutoka Kasindi kwenye mpaka hadi Butembo. Alikuwa mrefu, mwenye kiburi cha nguo, na aliamini kwamba hapa duniani kuna vitu viwili tu visivyochaguliwa haraka: mke na kaske.

Siku ya kuchagua alinichukua mimi. Alibeba redio kaseti yake begani mpaka sokoni, na kaseti yake mwenyewe mfukoni, imerudishwa pale pale anapopataka. Mchuuzi alikuwa na boksi zima la kaske zilizotoka Dubai. Paluku akaanza. Anachomeka, anazungusha kile kichwa cha waya kwa vidole, akisikia mkwaruzo anairudisha bila kusema kitu. Anavaa, anafumba macho. Anavua. Anachukua nyingine.

"Wee kijana," mchuuzi akachoka, "unanunua kaske ao unaoa?"

"Hata muke, papa, banamuangaliaka mbele ya kumuoa."

Watu wakacheka. Kisha akanivalisha mimi, akapiga magoti nyuma yangu. "Ile ya chini, bum-bum, ni basse. Ile inalia juu ni solo. Ile kila mutu anaisikia, hata mulevi. Sasa tafuta katikati. Kuko gitaa ingine inatembea katikati yao, njo mi-solo." Akawa ananigonga begani kwa kidole, akiifuata, ili nijue inapopita.

Katika kaske za kwanza sikuisikia. Nilisikia kidole begani na kelele masikioni, basi. "Kaske mubaya inakula mi-solo," alinieleza. "Inakupa kelele ya chini na kelele ya juu, unafikiri umesikia wimbo. Umedanganywa." Tuliendelea hivyo hadi tukafika kwenye moja mbaya ya sura, sponji moja nyeusi na nyingine ya kijani, sijui huko kiwandani walikuwa wamelewa. Nikavaa. Na ghafla kidole cha begani na gitaa la katikati vikawa kitu kimoja.

"Iko!" nikapiga kelele, maana mwenye kaske hajui anapiga kelele. "Iko huku, sikio ya kuume!"

"Tunachukua hii," Paluku akamwambia mchuuzi.

Njiani kurudi alinieleza kwamba mi-solo ni mtu asiyesifiwa. Solo anasifiwa, mwimbaji anarushiwa pesa, yeye hapana. "Lakini akitoka, wimbo yote inaanguka." Mama alipoiona hiyo kaske ya rangi mbili aligonga mikono. "Aka! Utakuwa kiziwi. Nikikuita utaitika na nini?"

Miaka ile wanajeshi walikuwa wengi na wa kila namna, na mimi mtoto sikuwa najua wa nani ni wa nani. Leo wanashuka hawa, kesho wanapanda wale. Baba alitufundisha jambo moja: tukiwa tunapanda kilima kukimbilia kwenye mikaratusi, mtu asigeuke. "Ukisikia miguu nyuma, hapana geuka. Ukigeuka banaona uso, na uso ikionekana inakumbukwa." Tulijua kutembea hivyo, shingo ngumu, kama watu wanaokwenda kupokea komunyo.

Asubuhi moja risasi zilianza kabla hatujanywa uji. Hakukuwa na nafasi ya kwenda kilimani, tukaingia chini ya kitanda cha wazazi, na mimi nikaanza kulia kwa sauti. Mama alinifunga mdomo kwa kiganja, nikazidi. Paluku akatambaa, akavuta redio, akanivalisha kaske na kuwasha. Risasi zikakatika. Kilichobaki ni basse, solo, na kidole cha Paluku begani mwangu. Nilisikiliza upande mzima wa kaseti. Alipozivua, nje palikuwa kimya, jogoo tu.

"Umeona?" alisema. "Imeisha."

Yeye alitaka kunituliza tu. Lakini mtoto unampa neno moja, yeye anajenga nyumba. Mimi nilielewa kwamba kaske ndiyo iliyosimamisha vita. Si kwamba mimi sikusikia. Nilielewa kwamba wakati muziki unapita masikioni mwangu risasi zinashindwa kutoka, Butembo nzima, mpaka Beni. Sikumwambia mtu. Kitu kikubwa namna hiyo mtu hatangazi.

Halafu Paluku akaondoka tena kwenda Kasindi. Alisema mawe ya redio, zile betri, yamechoka, atarudi na mapya. Mimi nilitaka abebe kaske, nikamfuata nayo mpaka barabarani. Alinirudishia, akanivalisha shingoni. "Hapana. Vumbi itaiharibu. Unichungie yangu."

Lori lilirudi bila yeye. Lilikuwa limesimamishwa katika pori la mbuga, baada ya njia inayokata kwenda Mutwanga, na watu wenye silaha waliwashusha wote. Wengine walikimbia, wengine waliachiliwa, dereva alirudi na mguu uliofungwa kitambaa. Paluku hakuna aliyejua yuko wapi.

Sasa wenzangu wa rika langu mnajua desturi ya kwetu. Nyumba yenye kilio haipigi redio. Ukipita mahali, redio ya watu waliokuwa wanaipenda iko kimya, unauliza mara moja, nani amekufa? Baba alirudi kutoka kwa dereva, akanyoosha mkono, akazima redio. Mama akaiwasha. Baba akazima. Mama akaiwasha tena, akasimama mbele yake.

"Mutoto yangu hajakufa," alisema. "Nani ameona maiti? Redio inazimwa juu ya maiti."

"Majirani banasemaje? Mutoto amepotea, nyumba inacheza sebene!"

"Baseme."

Baba hakuwa mtu wa kupigana na mkewe. Aliketi, akashika kichwa. Kisha akaniona mimi pale pembeni na kaske yangu shingoni, akasema, "Basi mutoto asikilize." Wakakubaliana hivyo. Kaske ikachomekwa. Kwa nje nyumba ilinyamaza, majirani waliridhika na baba akapumua. Kwa ndani redio ilikuwa inaimba, na mama alikuwa na mwanawe. Mimi ndiye niliyewekwa katikati.

Hawakujua wamempa nani kazi hiyo. Kwangu mimi ilikuwa kumlinda Paluku huko porini. Kama ninasikiliza, hapigwi. Nilikaa mlangoni na redio mapajani, nikavaa kaske hadi masikio yakaota joto na kuwasha. Nilikula nikiwa nayo. Mama alikuwa anapita kutoka jikoni na sombe yake ya majani ya mihogo, ananigusa goti na kuuliza kwa midomo tu, "Ingali inaimba?" Mimi natikisa kichwa kwamba ndiyo. Anaenda.

Adui yetu akawa mawe. Wimbo ulianza kuchelewa, mwimbaji akawa na sauti ya mtu anayeamka usingizini. Mama, yule yule aliyesema kaske italeta uziwi, akawa anatoa mawe ya redio na kuyaanika juani juu ya lungo pamoja na maharagwe. Sote tuliokua wakati ule tunajua: jua linayarudishia nguvu kidogo, ukiyang'ata kidogo tena. Aliyageuza kama anavyogeuza mihogo. Alimwomba padri misa ya msafiri, na padri alipouliza kama si ya marehemu, mama alirudia tu neno lile: msafiri. Mawe yakiwa juani mimi nilikuwa sipumui vizuri. Nilihesabu kwamba sasa hivi Paluku yuko peke yake.

Kisha alikuja mama mmoja mchuuzi wa samaki wa chumvi, aliyekuwa juu ya lori lile. Alikuwa amejificha Mutwanga kwa watu wa shamba. Alikaa ukingoni mwa kiti, hakunywa chai aliyopewa.

"Nilimuona," alisema. "Alikuwa amelala pembeni ya barabara. Banatupitisha pale, banasema hapana geuka."

"Uliona uso?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Alikuwa amelalia uso. Niliona shati ile ya manjano."

"Mashati ya manjano iko mingi."

Yule mama alisukuma kikombe pembeni. "Iko mingi," akakubali. Akaondoka na samaki zake.

Baba alituma habari, na baba mukubwa, kaka mkubwa wa baba, akapanda kutoka Kanyabayonga. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwenye haraka na mambo ya wafu. Kwa upande wa baba yangu, mtu akifia mahali ambapo mwili haupatikani, wanazika shina la mgomba. Wanalikata urefu wa mtu, wanalifunga blanketi, wanalilaza kaburini pamoja na kitu kilichokuwa kinagusa mwili wake. Bila hivyo, alisema baba mukubwa, kijana anabaki barabarani, anasimamisha malori na hayasimami. Mgomba ulikuwa umekwisha kukatwa, ulikuwa umeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, unatoa maji.

"Nguo yake?" akauliza.

Nguo zote nzuri Paluku aliondoka nazo. Nyingine mama alikwisha kuzifua, na iliyofuliwa haifai. Macho ya baba mukubwa yakazunguka chumba yakanifikia mimi.

"Na kile kya kichwani?"

Nilishika kaske kwa mikono miwili. Sikulia. Nilitaka kuwaambia kwamba wakiichukua ndiyo watamuua, kwamba yuko hai kwa sababu yangu, na waulize mama, mimi sijazembea hata kidogo. Mama alisimama akaja mbele yangu. Nilijua tuko upande mmoja. Nilijua atawafukuza wote na mgomba wao.

"Leta," akaniambia. "Nisikilize."

Alikuwa hajawahi kuivaa. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akajiweka kaske vibaya, sponji ya kijani karibu ya jicho, nikamrekebishia. Akaketi chini mlangoni, mahali pangu. Wimbo ulikuwa unakwenda polepole sana, mawe yalikuwa mwishoni. Uso wake haukubadilika. Baada ya muda akaniuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya wenye kaske, mpaka baba mukubwa akashtuka, "Ile alikuwa anakuonyesha, iko wapi?"

Nikapita nyuma yake. Nikaweka kidole begani mwake na kuanza kugonga, maana wimbo ule niliujua hata bila masikio. Nikagonga na kugonga. Nikaona bega linaanza kufuata.

"Naisikia," alisema. Sauti ilikuwa ya chini sasa. "Kumbe iko."

Akasikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Kisha akavuta waya, kaske ikachomoka, na muziki ukatoka nje wazi, ukajaa nyumba, mnene na mchovu, majirani wote wanasikia. Mama aliuacha uimbe kidogo hivyo, mbele ya shemeji yake, mbele ya mgomba, mbele ya mtaa. Halafu akanyoosha mkono wake mwenyewe akazima redio.

"Muende nayo," alisema.

Walizika mgomba mchana, juu ya kilima, karibu ya wale ndugu zangu wachanga. Baba mukubwa aliweka kaske juu ya blanketi, mahali ambapo pangekuwa kichwa, akaigeuza vizuri, masikio yote mawili. Wakatupa udongo. Mama alilia sana, alilia kwa sauti ambayo nilikuwa sijaijua, na wanawake walimshika. Mimi sikuwa na nafasi ya kulia. Nilikuwa ninasikiliza. Masikio yangu yalikuwa wazi, na nilikuwa nangoja risasi zianze, maana sasa hakukuwa na cha kuzizuia.

Hazikuanza. Tulishuka kilimani, wanaume wakawasha moto wa kilio uani, watu wakaletewa chai, na mji ulikaa kimya, mbwa, jogoo, mtu anapasua kuni. Alasiri nzima, hata bunduki moja haikulia Butembo. Nilikaa kwenye kizingiti na mikono mitupu mapajani, na jinsi kimya kilivyozidi ndivyo nilivyoelewa. Kaske haikuwahi kusimamisha kitu chochote. Paluku alikuwa amekufa zamani, siku ya lori, hata kabla sijaketi mlangoni kusikiliza kwa bidii. Kitu ndani yangu kilikaa chini siku ile na hadi leo sijakiona kikisimama vizuri. Nimeolewa, nimezaa, nimefanya biashara, watu wanasema Mama Masika ana moyo wa utulivu. Acha waseme.

Kijana wa duka alitafuta kwenye simu yake, akapata wimbo wa zamani. Nikajaribu ile kaske ya miguu. Basse nyingi, kelele nzuri ya juu, katikati hakuna mtu. Nikarudisha. Nyingine, nikarudisha. Kijana alianza kupumua kwa pua, na mimi sikumjali. Nilifika kwenye moja ya kawaida, nyeusi, bila taa taa zake, nikafumba macho, na mi-solo ikapita sikio la kuume kama mtu wa nyumbani anayepita bila kubisha hodi.

Nikamvalisha Masika, nikasimama nyuma yake. "Ile ya chini achana nayo. Ya juu achana nayo. Tafuta katikati." Nikaanza kumgonga begani kwa kidole. Alikunja uso, akataka kucheka, akaacha. Kisha macho yakamtoka.

"Iko!" akapiga kelele duka zima. "Mama, iko!"

"Lakini mama," kijana akaingilia, "kwa jeu hii haiko muzuri sana. Miguu ya nyuma anaisikia kidogo tu."

Masika alizishusha shingoni, akaziangalia, akainua mabega. "Si kitu. Nitakuwa nageuka naangalia."

Alilisema hivyo tu, kama jambo rahisi, huku anatafuta pipi nyingine mfukoni. Kijana aliningoja mimi niamue. Nikamshika binti yangu shingo kwa nyuma, ikiwa laini na yenye joto, nikamwambia ndiyo, ageuke.